Viazi vya Njiwa

Humu sitataja jina la mtu yeyote. Si kwa adabu; adabu sina nyingi, waulize niliofanya nao kazi. Ni kwa sababu nimekula mshahara wa majina miaka mingi, na jina moja liliniulia mtoto. Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Nasema mapema, asije mtu akasoma huku akitumaini.

Kazi yangu ilikuwa kukausha mimea. Watu wa Shinyanga wa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza waliicheka kazi hiyo mpaka wakachoka kuicheka. Nje ya mji palikuwa na kituo cha serikali cha kupambana na mbung'o, na mamia ya watu walikuwa wakifyeka pori ili mbung'o wakose kivuli. Lakini kabla pori halijafyekwa, mzee mmoja wa Kizungu alitaka kujua kila kilichomo kinaitwaje. Mimi nilikuwa mtu wake. Nilikwenda porini na panga na mfuko, nikakata kitawi chenye ua na tunda, nikakilaza katikati ya magazeti ya zamani, nikakibana kwa mbao mbili na mikanda, nikabadilisha magazeti kila siku mpaka kikauke. Kisha nilikigandisha kwenye karatasi ngumu, na pembeni chini nikabandika kikaratasi changu: kimetoka wapi, nani kakichuma, wenyeji wanakiitaje, wanakitumiaje. Mstari wa juu kabisa niliuacha wazi. Huo ulikuwa wa bwana.

Hapo bwana aliandika majina mawili ya Kilatini. "Jina ya kwanza ni ya ukoo," aliniambia siku nilipoanza kazi, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Jina ya pili ni ya yeye mwenyewe. Ukoo iko mbele." Leo wajukuu wangu wanafundishwa hayo shuleni, jenasi na spishi, nao wanayakariri wakipiga miayo. Mimi sikupiga miayo. Niliona migunga yote niliyopita chini yake tangu utotoni, yenye miiba iliyonyooka na yenye miiba iliyopinda, ya maua meupe na ya maua ya njano, ikisimama kwa ukoo wake na kila mmoja ukipewa jina lake la nyuma. Niliambiwa kunde, mgunga na mkwaju ni ndugu, na kwamba nikibisha nipasue ganda nitazame mbegu zilivyokaa. Nilipasua. Nilifurahi furaha ya kijinga, kama mtu aliyeonyeshwa mlango nyumbani kwake mwenyewe.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja: mmea mmoja, jina moja, dunia nzima. Majina ya wenyeji, bwana alisema, ni matope. Mti mmoja una majina kumi, na jina moja lina miti kumi. Nilimkubalia haraka mno. Nilirudi nyumbani nikaanza kumsumbua mama yangu. Yeye aliita mlenda wote mlenda, nami nikampangia mezani mlenda wake kwa mafungu matatu na kumweleza kuwa hii ni mimea mitatu tofauti, haina hata undugu wa karibu. Mama akakusanya mafungu yote akayatia chunguni. "Chungu hakijui," alisema. Nilimwona mshamba. Nilikuwa sivumiliki miaka ile, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuniambia, maana nilikuwa na viatu vya serikali.

Mke wangu nilimpata kwenye kazi hiyo hiyo. Bwana alinipeleka upande wa Geita nikachume mimea ya milimani kabla wachimbaji wa dhahabu hawajaimaliza kwa kuni. Huko Nyarugusu palikuwa na watu wa kila kabila, mashimo kila mahali, na msichana wa Kizinza aliyewauzia wachimbaji togwa. Alijua mimea kuliko mzee yeyote niliyewahi kumlipa. Kila nilipofungua mfuko alikuja na kuitaja mmoja mmoja, na alipofika kwenye mmea fulani akaurudisha mkono wangu nyuma. Ni mmea mnaoujua, hata kama hamjui kuwa mnaujua. Unapanda juu ya vichaka wakati wa mvua, kila jani linamalizikia kwenye ncha iliyojikunja kama mkia wa kinyonga, nayo ncha ndiyo inayoshika. Ua lake ni jekundu lenye kingo za njano, petali zote zimegeukia juu. Chini ya ardhi una kiazi cheupe chenye mikono miwili.

"Huu usiuweke karibu na chakula," alisema. "Kiazi chake kinaua." Akautaja kwa jina, jina ambalo Wazinza na Wasukuma tunalo moja.

Nikacheka. "Hilo ni jina la baba yangu."

Kweli lilikuwa jina la baba. Bibi yangu alimzaa wakati mmea huo umechanua uani, akampa jina la mmea, na kwetu hakuna aliyeona ajabu. Msichana yule naye akacheka. "Basi wewe ni mtoto wa sumu," akasema, na kwa siku zote nilizokaa Nyarugusu aliniita hivyo, akilitaja jina la baba yangu wazi kila alipotaka kunichokoza. Bwana, nilipompelekea mmea ule umekauka, aliandika juu yake *Gloriosa superba*. Nilimwuliza maana yake. Akasema la kwanza ni utukufu na la pili ni fahari, na kwamba aliyetoa jina hilo hakuwahi kuonja kiazi.

Nilimwoa msichana yule, nikamleta Shinyanga, na siku aliyovuka kizingiti cha nyumba yetu jina lile likafungwa mdomoni mwake. Kwao kama kwetu, jina la baba mkwe halitajwi. Halitajwi akiwa hai, na akiwa amekufa ndiyo zaidi, na baba yangu alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Neno lolote linalofanana na jina hilo nalo linazungukwa. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kulitamka. Alimwita mumewe "baba wa hawa", alipokuwa hai na alipokuwa kaburini.

Mwezi wa tatu wa ndoa, mke wangu alitoka na mama kwenda shamba. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri na ule mmea ulikuwa umewaka kwenye kichaka kando ya njia. Akasahau. Akanyoosha kidole akautaja, kama alivyoutaja Nyarugusu. Mama aliketi chini hapo hapo njiani. Kwa siku mbili hakula chochote kilichotoka mkononi mwa mkwewe, na nyumba ikawa na kimya cha matanga.

Nilirudi kutoka porini nikawakuta hivyo, mmoja jikoni analia, mwingine nje ameipa nyumba mgongo. Nilikuwa nimechoka na nina njaa, na nilijiona mtu wa elimu kati ya washamba wawili. "Jamani, jina ni kitu gani?" nikasema. "Uiteni kitu kingine, yaishe. Uiteni viazi vya njiwa."

Lilikuwa neno la kwanza lililonijia. Viazi vya njiwa ni vitu vingine kabisa: vijiazi vya mviringo, vidogo kama shanga kubwa, vinavyochimbwa na watoto wa Shinyanga na kutafunwa vibichi. Ni vitamu. Nimevila, kila mtu amevila. Kuuita mmea wa sumu jina hilo kulikuwa mzaha, na mama, aliyeng'ang'ana siku mbili, akashindwa kujizuia akacheka. Mke wangu naye akacheka huku anafuta machozi. Tukala pamoja jioni ile.

Mimi, niliyelipwa na serikali ili jina moja lisiwe na mimea miwili. Ni mimi niliyelitoa.

Jina likakaa. Ndani ya ua wetu, ule mmea wa ua jekundu ukawa viazi vya njiwa, na hakuna aliyekumbuka tena kuwa ni mzaha. Mtoto akazaliwa, akakua, akajifunza kusema, akalipokea jina hilo kama alivyopokea mengine.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua haikunyesha, na mwaka wa pili wake haikunyesha vilevile. Sitaki kueleza njaa; aliyeiona anaijua na asiyeiona atadhani naongeza chumvi. Ng'ombe walilala chini wakiwa wazima na hawakuamka. Watoto walishinda wakichimbua ardhi kwa vijiti. Binti yangu alikuwa mwembamba mpaka mama aliacha kumwogesha nje, asionekane na watu. Mimi nilikuwa na mshahara, lakini dukani hapakuwa na unga wa kununua, na ule wa msaada ulipofika ulikwisha foleni ikiwa bado ndefu.

Katika hali hiyo bwana akataka viazi hai vya *Gloriosa*, avipeleke kwao vikapandwe. Kiangazi ndicho wakati wake, alisema, maana kiazi kimelala. Nilichimba vichache kando ya mto mkavu, nikavitia kwenye kifuko cha turubai, nikafunga mdomo wake kwa uzi wenye kikaratasi cha majina mawili. Ilikuwa Jumamosi na ofisi ilikuwa imefungwa. Nikakiweka kifuko chini ya kitanda.

Asubuhi ya Jumapili lori la kwenda kambi ya wafyekaji lilikuwa linanisubiri barabarani. Natafuta kiatu cha pili, nimeinama, naona miguu ya mtoto karibu na kichwa changu.

"Baba, hivyo vya kwenye mfuko ni nini?"

"Viazi vya njiwa," nikasema. Nikapata kiatu, nikatoka.

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia akiwa mzima. Nimelirudia kichwani kwa sauti zote. Halikuwa na ukali, halikuwa na upendo, lilikuwa jibu la mtu anayetafuta kiatu. Wala sikumwambia mtu, si siku ile wala miaka iliyofuata. Niliamini tunalijua wawili tu, mimi na yeye.

Haya yanayofuata niliambiwa na mama yangu. Mke wangu alirudi kutoka kisimani akamkuta mtoto ameketi sakafuni, kifuko kimefunguliwa, anatafuna. Alikuwa amekwisha kula kimoja na nusu. Mke wangu alimtia vidole kooni, kikatoka kidogo. Akachukua viazi vilivyobaki, akavitupa vyote chooni, asije mwingine akaviokota na njaa ile. Kile kikaratasi akakifunga kwenye pindo la kanga. Hakujua kusoma. Alifikiri kimeandikwa, kwa hiyo kitasema. Akamweka mtoto mgongoni, na mama yangu akafuata nyuma, wakaenda zahanati kwa mguu, mwendo wa saa mbili kasoro kidogo.

Walifika mapema. Hilo ndilo linalonikaba. Walifika jua halijawa kali, mtoto anacheka, anaomba ashushwe atembee. Sumu ile ina subira. Inakaa tumboni kwa saa nyingi kabla ya kujionyesha. Angetiwa mpira tumboni saa ile, akaoshwa, pengine leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Dresa, mtibabu wa pekee wa zahanati ile, alikuwa Msukuma mtu mzima, mwenye wagonjwa wamejaa baraza, wengi wao wa njaa. Si mtu mbaya. Mke wangu akamwamkia.

"Shikamoo dakitari."

"Marahaba, mama. Huyu ana nini? Mbona mzima?"

"Amekula sumu."

"Amekula nini?"

Mke wangu akafungua mdomo, na jina likasimama. Alisimama nyuma yake mama yangu, mjane wa mwenye jina lile. Na kulikuwa na jambo lingine kubwa kuliko haya, ambalo mke wangu mwenyewe alinieleza baadaye: baba alikuwa amekufa, na kumtaja marehemu juu ya kichwa cha mjukuu mgonjwa ni kumwita aje amchukue. Aliogopa jina lingemwua mtoto kabla ya kiazi. Akasema lile alilozoea.

"Viazi vya njiwa."

Dresa akacheka, mara ya kwanza labda wiki ile. "Viazi vya njiwa! Mama, mimi mwenyewe nimekua nikila hivyo."

"Si hivyo. Ni vingine."

"Vingine vipi? Vinaitwaje?"

Akaeleza. Akaeleza jani lenye mkia, akaeleza ua jekundu, akaeleza kiazi chenye mikono miwili. Kiangazi kile pori lote lilikuwa vijiti, hapakuwa na jani wala ua la kuonyesha. Dresa akamwinamia mtoto mwenyewe. "Ng'wanone, mwanangu, umekula nini?"

"Viazi vya njiwa," akasema mtoto, waziwazi, kwa kuwa alifundishwa vizuri.

Mke wangu akafungua pindo la kanga akatoa kikaratasi. Dresa akakishika mbali na macho, akakisoma herufi kwa herufi. "Glo-ri-o-sa. Huyu ni nani? Mzungu wenu?" Akakirudisha.

Basi yalikuwa pale barazani majina matatu ya mmea mmoja. Moja lilikuwa la dunia nzima, na hakuna aliyelielewa. Moja lilieleweka na wote, nalo lilikuwa la uongo. La kweli lilikuwa vifuani mwa wanawake wawili, na hakuna kati yao aliyeweza kulitoa. Dresa akamgeukia mama yangu. "Wewe bibi, vinaitwaje hivyo vingine?" Mama akavuta kanga akajifunika mdomo. "Mwanangu atakuja aseme," alisema. "Mwanangu anaweza kulisema." Dresa akadhani ni watu wa shamba wanaompotezea wakati. Akawapa dawa ya tumbo kwenye chupa na kuwarudisha nyumbani.

Jua lilipoinama mtoto akalalamika koo linaungua. Kisha akaanza kutapika, na kuhara maji matupu, na haikukoma.

Jumatatu asubuhi walikuwa tena barazani. Mama yangu alinisimulia jambo hili mara moja tu, na hakutaka kulirudia. Alisema mke wangu aliwapita watu wote waliokuwa kwenye foleni, akasimama mbele ya mlango wa dresa na mtoto mikononi, akalitamka jina la baba yangu. Hakulitamka kwa kunong'ona. Alilipiga kelele, akalirudia, akalirudia tena, huku mama mkwe wake anasikia na baraza zima linasikia, huku amemfunika mtoto kichwa kwa viganja vyake viwili, kama anayemkinga asionekane na mtu anayemwita. Dresa akatoka akiwa amebadilika rangi. Kila Msukuma anaujua mmea ule.

Jirani alikuja kambini kwa baiskeli kuniita. Alisema, "Mtoto. Zahanati," na sikungoja zaidi, nilimnyang'anya baiskeli nikamwacha pale. Njia nzima nilikuwa naomba. Mimi si mtu wa kuomba. Niliomba iwe malaria, niliomba iwe kuhara damu, niliomba ugonjwa wowote wenye jina lingine. Nilikwisha jua. Nilijua tangu jirani aliposhuka kwenye baiskeli.

Nilimkuta amelala mkekani, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Alinitambua. Nikainamisha sikio.

"Baba," akasema, "havikuwa vitamu."

Nikamwambia nyamaza, mama, pumzika. Nilisema hivyo kwa kumhurumia, na nilisema hivyo pia kwa kuogopa asije akaendelea. Yote mawili ni kweli, na kwa la pili sijawahi kujisamehe.

Dresa alikuwa ananisubiri. Alikuwa na hasira ya mtu aliyekosea akijua amekosea. "Wewe ndiye baba? Wewe ndiye wa kazi ya mimea? Hebu niambie. Jana mkeo kaniambia viazi vya njiwa, mtoto kaniambia viazi vya njiwa. Tangu lini vile ni viazi vya njiwa? Nani kawafundisha jina hilo?"

Nilinyamaza. Mama yangu akatazama chini. Dresa akamgeukia mke wangu. "Nani?"

"Sijui," akasema mke wangu. "Tumelikuta tu."

Na mimi nikaendelea kunyamaza.

Lori la pamba lilitupeleka hospitali ya mjini, tumekaa juu ya marobota, mtoto mapajani mwa mama yake. Daktari Mhindi alimpokea, na mke wangu, bila kuulizwa, akafungua tena lile pindo akampa kikaratasi. Alikuwa amekitunza siku mbili hizo zote. Daktari alikitupia jicho mara moja tu.

"Alikula saa ngapi?"

"Jana asubuhi," nikasema.

Akakiweka kikaratasi mezani polepole. Alikuwa mtu wa kwanza aliyeelewa jina la dunia nzima, na lilikuwa limechelewa. Alijitahidi. Alimtundikia maji ya chumvi, alimkalia mwenyewe, alitufukuza tukarudi. Mtoto alikufa Jumatano asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye ukosi wa shati langu.

Tulimzika kando ya babu yake. Mama yangu hakumlaumu mkwewe hata kwa jicho kwa kulitaja lile jina. Siku ya tatu ya matanga alikwenda jikoni, akapika yeye, akamletea sahani na kuketi mbele yake mpaka akala. Bwana naye alikuja, akavua kofia, akakaa kwenye mkeka na magoti yake mabovu. Alisema maneno mazuri. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa, "Ndiyo maana tunataka jina moja." Nilimchukia mzee yule mwaka mzima kwa sentensi hiyo, nikaendelea kumbania mimea yake na kumwachia mstari wa juu.

Nilirudi kwenye kabati nikautoa ule ukurasa wa Nyarugusu. Kwenye mstari wa jina la wenyeji nilikuwa nimeandika la baba, kabla hata sijaoa. Lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Hapakuwa na kitu cha kusahihisha. Nilikaa na kalamu mkononi nikautazama, nikaurudisha mahali pake.

Tulipata watoto wengine. Miaka ikapita, bwana akarudi kwao, mama akafa, nami nikaanza kuzeeka. Siku moja, mchana, mke wangu alikuwa uani anachambua mchicha. Sijui ni nini kilinisukuma. Nilimwambia. Nilimwambia habari ya kiatu, na swali la mtoto, na jibu langu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilidhani atanifukuza.

Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Nilipomnyang'anya kile kipande aliniambia. 'Baba kasema ni viazi vya njiwa.'"

Nikakaa juu ya kinu. Miaka yote ile. Alikuwa amelala kando yangu nalo miaka yote ile.

"Mbona dresa alipouliza hukusema?"

"Ningesemaje?" akasema, na hakuniangalia. "Jina la mume halitajwi."

Nikatikisa kichwa kana kwamba nimeridhika. Lakini angeweza kusema "baba yake". Neno hilo halina mwiko. Alilisema kila siku.